Mchanganyiko wa Hewa na Petroli: Kwa Nini Tatizo Hurudi Baada ya Kabureta Kurekebishwa

Mchanganyiko wa hewa na petroli ni uwiano wa uzito wa vitu hivyo viwili vinapoingia kwenye silinda. Ili petroli yote iungue bila hewa kubaki, kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito: moshi hutoka mweusi, plagi hushika masizi makavu na gari hula mafuta. Ikipungua, mchanganyiko huwa mwepesi, plagi hupauka, nguvu hupotea, na wakati mwingine mlipuko husikika ukirudi juu kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda.

Katika pikapu za zamani, kwa mfano Toyota Hilux ya injini ya 22R yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,366, uwiano huo hupimwa na kabureta, na katika magari mengi ya aina hiyo hakuna kompyuta ya kuusahihisha. Ndiyo sababu mafundi wengi hukimbilia skrubu ya mchanganyiko. Skrubu hiyo, hata hivyo, hutawala petroli ya wakati injini inanguruma bila mzigo tu. Gari likishashika mwendo, petroli hupitia kwenye jeti kuu, yaani kitundu kilichopimwa cha kupitishia petroli, ambako skrubu haina amri. Pikapu inayotoa moshi mweusi kila inapopanda mlima haitapona kwa kuzungushiwa skrubu.

La kuuliza kwanza, basi, ni lini tatizo hujitokeza. Injini ikitetemeka gari likiwa limesimama, kisha ikatulia unapokanyaga mafuta, mshukiwa mkuu ni hewa inayoingia kinyemela baada ya kabureta. Wakati huo mlango wa kabureta, ule unaofunguliwa na kanyagio la mafuta, karibu umefungwa na hewa inayopita ni kidogo, hivyo hata tundu dogo huharibu uwiano. Mlango ukifunguka, mvuto ndani ya manifoldi, yaani njia ya kutoka kabureta hadi silinda, hupungua na hewa ile ya ziada haina athari kubwa tena. Kagua gasketi iliyo chini ya kabureta, mipira midogo ya kupitisha hewa iliyokauka na kupasuka, na mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, kifaa kinachoongeza nguvu ya breki. Bana mpira mmoja mmoja kwa koleo huku injini ikiwaka: ambao ukibanwa mngurumo unatengemaa, huko ndiko penye kuvuja. Kunyunyizia petroli kwenye injini ya moto ili kutafuta tundu ni hatari ya kweli, na haifai kabisa.

Gari likinguruma vizuri lakini likafa nguvu penye mzigo, petroli haifiki ya kutosha: angalia chujio, pampu, kisha jeti. Mchanganyiko ukiwa mzito wakati wote, tazama choki (kilango kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi) isiyofunguka, chujio la hewa lililoziba, na boya la kabureta, kwa kuwa boya lililotoboka au sindano iliyolika, ile ambayo boya huisukuma kufunga petroli, huacha petroli ipande kupita kiwango.

Mahali nako kuna athari. Kabureta iliyopimwa Mombasa hutoa mchanganyiko mzito Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ilhali jeti ni zilezile. Gari la namna hiyo si bovu. Linahitaji jeti ndogo zaidi.

Skrubu hurekebishwa mwisho, injini ikiwa imepata moto, choki imefunguka yote na majira ya cheche, yaani wakati plagi zinapotoa cheche, yamekwisha kuhakikiwa.