Gari la Umeme Lichajiwe Saa Ngapi?

Kila ninapokutana na wananchi kuzungumzia magari ya umeme, swali la kwanza ni lile lile: linajaa kwa dakika ngapi? Ni swali la haki, maana kituo cha petroli kimetuzoesha kuingia, kujaziwa na kuondoka. Ila mimi ni mhandisi wa usambazaji wa umeme, na ninalowauliza nami ni hili: utachaji saa ngapi?

Tupige hesabu. Gari dogo la umeme huenda takriban kilomita 6 kwa uniti moja, yaani kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Anayetoka Ruiru kwenda kazini katikati ya Nairobi na kurudi hutumia kama uniti 8. Soketi ya ukutani ikitoa kilowati 2.5, saa tatu na ushee zinatosha kuzirudisha zote. Shawa ya umeme ya bafuni huvuta kilowati 5 hivi, maradufu ya gari hilo, na hatujawahi kuiogopa. Cha kuogopa ni waya wa kuunga. Nimeshika plagi zilizoungua hadi plastiki ikakunjamana, kwa sababu waya mwembamba wa kuunga, unaofaa kuchajia simu tu, ulibebeshwa mzigo wa gari usiku kucha. Fundi aliyesajiliwa akuvutie laini yake peke yake, yenye swichi yake.

Chaja za kasi nazo zinakuja. Machi 2025 kampuni ya BYD ya China ilionyesha chaja ya kilowati 1,000, ikasema dakika 5 zinaongeza safari ya kilomita 400. Barabara kuu zitazihitaji chaja za kasi; msafiri wa Mombasa hawezi kulala Mtito Andei akisubiri betri. Mtaani ni habari nyingine. Chaja moja tu ya kilowati 150 humeza karibu robo tatu ya uwezo wa transfoma ya kVA 200 (kVA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), ile ile inayowasha nyumba zenu. Betri yenyewe pia ina mwendo wake. Ni kama matatu stendi: viti vikiwa vitupu abiria huingia mbio, vikibaki vichache kila mmoja anapenya kwa shida. Ndiyo maana chaja ya kasi hupunguza nguvu betri ikifika karibu asilimia 80.

Sasa njoo usiku. Matumizi ya umeme Kenya hupanda sana jioni, watu wakipika na kuwasha taa, kisha hushuka mji ukilala. Jotoardhi ya Olkaria, umeme wa mvuke kutoka chini ya ardhi, hailali. Mahitaji yakipungua, mvuke ambao ungezungusha mitambo huachiliwa hewani. Inaniuma, kwa sababu tumeuchimbia visima kwa gharama kubwa, na petroli tunaagiza kwa dola. Mwaka 2023 mdhibiti wa nishati, EPRA, aliidhinisha bei maalumu ya usafiri wa umeme, na uniti ya usiku ikawa nusu ya uniti ya saa nyingine kwa wateja wa bei hiyo. Siku za kazi nafuu hiyo huanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Magari mengi yana saa ya kuchaji ndani yake: chomeka ukifika, lipange lianze saa nne.

Kabla ya kununua, fungua kifuniko utazame tundu la kuchajia. Nissan Leaf nyingi zilizotumika Japani zina tundu la kasi aina ya CHAdeMO. Magari yaliyotengenezewa soko la ndani la China hutumia GB/T, ya Ulaya CCS2. Unaweza kufika kwenye chaja nzima, yenye umeme, na plagi isiingie.

Bodaboda wamepata njia yao. Kigali na Nairobi mwendeshaji huacha betri iliyokwisha, akachukua iliyojaa, akaendelea na kazi kwa dakika chache. Zile zinazorudishwa jioni zinaweza kungoja kwenye makabati ya kuchajia hadi saa ya bei nafuu.

Wanaonihangaisha ni wapangaji wa ghorofa. Gari liko chini, mita iko juu, na mwenye nyumba hataki nyaya zikining'inia ukutani. Ukijenga sasa, laza bomba tupu la waya kutoka chumba cha mita hadi kila nafasi ya kuegesha kabla zege halijamwagwa. Wakati huo ni kazi ya siku chache. Baadaye ni kupasua sakafu.