Napoli: kulivizia jua vichochoroni

Kabla sijaenda, kila aliyewahi kufika Napoli, kusini mwa Italia, alinipa onyo lile lile: shika kamera yako vizuri, mji ule ni vurugu tupu. Nimekaa siku tisa, mwezi Oktoba, na ninalotaka kuwaambia wapiga picha wenzangu ni kinyume chake. Napoli ni mji uliopigwa rula. Vurugu zipo, tena nyingi, lakini zinapita juu ya mistari iliyonyooka, na ukishaijua mistari hiyo unajua saa ngapi usimame wapi.

Panda kwanza Castel Sant'Elmo, ngome iliyo juu ya kilima cha Vomero. Ukiwa ukutani utaona mapaa yamebanana chini yako, na katikati yake kuna mkato mwembamba kama umepitishwa kisu. Hiyo ndiyo Spaccanapoli, yaani "pasua Napoli". Wagiriki waliojenga Neapolis, "mji mpya", waliipanga mitaa hii zaidi ya miaka 2,400 iliyopita: barabara ndefu 3 zinazokwenda sambamba, na vichochoro vinavyozikata. Warumi wakaja, Wahispania wakaja, majumba yakabomolewa na mengine kujengwa juu yake. Mistari ikabaki.

Sasa hesabu ya jua. Nyumba zina ghorofa tano, sita, na vichochoro vingine gari halipiti. Jua halifiki chini mpaka lilingane na mtaa. Barabara zile ndefu zimelala kwa mshazari kidogo, ncha moja inatazama kaskazini-mashariki na nyingine kusini-magharibi. Kwa hiyo mwezi Oktoba, yapata saa kumi na moja jioni, jua linakaa sawa na Spaccanapoli na kuumulika mtaa kwa urefu wake. Kila mtu anageuka kivuli chenye kingo za dhahabu. Halafu linazama nyuma ya Vomero, mapema kuliko simu inavyosema, kwa sababu programu ya simu haikihesabu kilima. Siku ya kwanza niliiamini simu. Nilifika nikakuta mtaa umeshapoa, rangi zote za majivu, nikaishia kunywa kahawa.

Vichochoro vinavyokata vina zamu yake, kabla ya adhuhuri, yapata saa tano na nusu. Hapo jua linashuka kama ubao mmoja wa mwanga ukutani, upana wa mlango tu, linasogea, linaondoka. Na Quartieri Spagnoli, mtaa uliojengwa karne ya 16 kuwaweka askari wa Kihispania, una vichochoro vinavyopanda kilima kutoka barabara ya Via Toledo. Huko nenda asubuhi, jua linapopanda nawe.

Ukishajua zamu, kazi inakuwa ya kusimama. Mimi nilikuwa na lenzi moja ya milimita 35, tundu la lenzi f/8, shata 1/500 ya sekunde, ISO 400 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Nafokasi kwa mkono kwenye mita 3, basi kila kilicho kati ya mita 2 na 7 kinatoka safi bila kamera kuhangaika. Mwanga naupimia penye jua. Vivuli naviacha viwe vyeusi, maana ukivihurumia utapata picha isiyo jua wala kivuli. Halafu nangoja. Atapita mtu na godoro kichwani, atapita padri, zitapita vespa tatu kwa mpigo. (Kwetu Unguja skuta yoyote ni vespa, hata ikitoka Japani. Kwa Kiitaliano neno hilo ni nyigu, na ukikaa Napoli utajua kwa nini.) Kioo cha mojawapo kilinasa mkanda wa kamera yangu na kunizungusha nusu duara. Dereva hakupunguza mwendo. Tangu hapo mkanda nauzungushia mkononi.

Mchoro mkubwa wa Maradona nimeupita haraka. Kila mtu anao. Ukifika, upe mgongo, uwapige picha wanaoutazama.

Kitu ambacho sikukipita haraka kimo katika barabara ya Via dei Tribunali, ndani ya kanisa la Pio Monte della Misericordia, jumuiya ya hisani. Mchoraji Caravaggio alikimbilia Napoli mwaka 1606 baada ya kuua mtu Roma, na mwaka 1607 akawachorea jumuiya hiyo Matendo Saba ya Huruma. Picha ingali palepale ilipoagizwa. Matendo yote saba ameyabana katika kichochoro kimoja cha usiku: miguu ya maiti inatoka kwenye kona, binti anamnyonyesha baba yake mfungwa kupitia nondo za gereza, na nyuma yao mtu ameshika mwenge. Kila mmoja ana lake. Nilikaa mbele yake karibu saa nzima, kisha nikatoka nje, na hatua ishirini mbele nikaona kitu kile kile: muuza samaki, mtoto analia, bwana anafunga kamba ya kiatu, na mwanga unaotoka upande mmoja tu. Watu husema Caravaggio alibuni mwanga ule. Mimi nadhani huu wa Napoli aliuona kwa macho yake.

Watu wa vichochoroni wengi wanaishi kwenye basso, chumba kimoja cha chini ambacho mlango wake ndio dirisha na ndiyo sebule. Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwona bibi mmoja amekaa kwenye kiti mlangoni, anamenya maharage, ubao wa jua umemwangukia magotini, nikampiga picha bila salamu. Kosa ambalo kwetu nisingelifanya hata kwa bahati mbaya. Alinifokea mpaka madirisha ya juu yakafunguka. Sheria ya Italia ya mwaka 1941 inasema sura ya mtu haionyeshwi hadharani bila ridhaa yake, lakini bibi hakuhitaji sheria. Sikuwa mtaani, nilikuwa sebuleni kwake.

Nikarudi kesho yake, saa ile ile, bila kuinua kamera. "Buongiorno, signora. Permesso?" Habari, mama. Naruhusiwa? Akanitazama. Kutoka ghorofa ya tatu jirani akateremsha kapu kwa kamba, ndani mna noti ya yuro 5, bibi akatia humo mkate na chenji, akaivuta kamba mara mbili, kapu likapanda likizunguka taratibu. Ndipo akaniambia, "Aspetta, guagliò." Subiri, kijana. Akajitengeneza nywele.

Nikapiga, nikamwonyesha kwenye skrini. Akakunja uso. Nilikuwa nimemkata Madonna nje ya picha. Juu ya mlango wake kulikuwa na kijisanduku cha kioo, sanamu ya Bikira Maria ndani, na taa ndogo. Vijisanduku vya namna hiyo vilienea karne ya 18: taa za barabarani wezi walizivunja, padri mmoja, Rocco, akahimiza watu waweke taa mbele ya watakatifu, kwa kuwa hizo mwizi angeogopa kuzigusa. Bibi akanisukuma kwa mkono uliolowa maji ya maharage mpaka ukuta wa pili. Jua lilikuwa limeshaondoka magotini pake. Nikapandisha ISO, taa ya Madonna ikaonekana.