Kinanda cha kukanyaga: hesabu ndimi kabla ya kulipa

Usharika ukishapata kinanda cha umeme, cha kukanyaga huishia stoo. Ukitangaziwa kimoja hapa Moshi, usianze na mng'aro wa mbao. Mimi huanza na ndimi, yaani vibamba vyembamba vya shaba vinavyotetemeka na kutoa sauti, kwa sababu nguo ya mivukuto inabadilishika, lakini ulimi wa shaba uliovunjika kwa kawaida hutafutwa kwenye kinanda kingine kilichokufa.

Kinanda chenye funguo 61 na safu mbili za ndimi kina ndimi 122. Fungua safu moja tu kwa kuvuta kitasa chake, kanyaga polepole, bonyeza ufunguo mmoja mmoja kutoka kushoto ukiandika kila kasoro, kisha rudia kwa safu ya pili. Ulimi ulio kimya mara nyingi umebanwa na chembe ya vumbi. Huchomolewa kwa kindoano, ukapigwa brashi laini na kurudishwa kwenye tundu lake lilelile. Ulioshuka sauti ghafla, peke yake, yamkini una ufa. Huo usiuhesabu kuwa mzima. Na mtu asiukwaruze ili "kuupandisha"! Kukwaruza ncha hupandisha sauti, kukwaruza shina huishusha, na shaba iliyoondoka hairudi.

Sasa upepo. Vinanda vya Marekani kama Estey hufyonza hewa, havisukumi. Kanyaga mpaka mfuko mkuu wa hewa ujikunje wote, kisha acha bila kugusa ufunguo. Ukibaki umejikunja nusu dakika, ni mzuri. Ukifunguka ndani ya sekunde tano, nguo ya mpira imekauka na kupasuka kwenye mikunjo, na bei ipungue kwa kiasi cha nguo mpya na kazi yake, ambayo ni ya siku nyingi. Gundi iwe ile ya ngozi ya wanyama, inayolegea kwa maji ya moto fundi mwingine akihitaji kufungua. Silikoni ikishapakwa, gundi nyingine haishiki tena.

Sauti inayolia yenyewe wakati wa masika isikutishe sana: vijiti vya mbao chini ya funguo vimevimba kwa unyevu. Usivinyoe, hamishia kinanda chumba kikavu, vitalegea. Ukiona unga mpya chini ya vitundu vidogo vya mbao, usinunue: bungua bado yuko kazini, na atahamia kwenye mabenchi.

Kama kitapigwa pamoja na tarumbeta za usharika, pima noti ya A (la) kwa programu ya simu. Isipokaribia hezi 440, ndimi zote 122 zitahitaji kurekebishwa sauti na fundi, mmoja mmoja.