Koliti ya vidonda: ugonjwa unaotulia bila kupona

Mtu anaharisha damu na kamasi, wiki ya tatu sasa. Kaenda duka la dawa, kapewa vidonge vya amiba. Akapata nafuu kidogo, kisha hali ikarudi palepale. Kinyesi kinapimwa, mdudu haonekani. Hapo ndipo inafaa kufikiria koliti ya vidonda, mojawapo ya magonjwa mawili makuu ya uvimbe sugu wa utumbo. Mwenzake ni ugonjwa wa Crohn.

Koliti ya vidonda haiambukizi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inaushambulia utando wa utumbo mpana wenyewe. Uvimbe huanzia kwenye puru, pale kinyesi kinapokaa kabla ya kutoka, na kupanda juu mfululizo bila kuruka mahali. Crohn huweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, huruka sehemu, na huchimba ukuta mzima wa utumbo.

Puru lililovimba halivumilii kuhifadhi chochote. Mgonjwa anakimbilia chooni, anakamua, anatoa damu na kamasi kiasi cha kijiko, anarudi kukaa, na haja imeshambana tena. Hata usiku wa manane. Mwenye safari ya basi huanza kujinyima chakula tangu jana yake.

Uhakika hupatikana kwa kolonoskopi: mpira mwembamba wenye kamera huingizwa utumboni, na vipande vidogo vya nyama huchukuliwa kupimwa maabara. Kwetu hatua hii si ya kuruka, kwa sababu kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na Crohn. Akipewa dawa za kushusha kinga mtu mwenye TB isiyotibiwa, TB inapata mwanya wa kusambaa.

Dawa ya kwanza kwa wengi ni mesalazini, ya kumeza au ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa. Hiyo ya pili watu huionea haya, ilhali uvimbe ukiwa chini ndiyo inayoufikia vizuri. Prednisoloni hutuliza uvimbe uliochachamaa, lakini si dawa ya kukaa nayo miaka, wala haiachwi ghafla. Zipo nyingine kali zaidi, kama azathioprini na infliximabu. Bei ya hiyo ya mwisho wengi hawaiwezi.

Wengi huharibu pale wanapopata nafuu. Damu imekatika, mtu ananenepa, anaona dawa za nini tena, anaacha. Uvimbe unarudi. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kama pipi kwa maumivu ya mgongo, nazo huweza kuuamsha.

Chakula hakisababishi ugonjwa huu, na sijaona dawa ya kusafisha tumbo inayouponya. Ukiwa umechachamaa, makande na mahindi ya kuchoma huongeza adha. Uji, wali na samaki huenda vizuri. Ugonjwa ukitulia, kula kama wengine. Upungufu wa damu upimwe. Aliyeishi nao kama miaka 8, hasa ukiwa umepanda mbali, hufanyiwa kolonoskopi kila baada ya muda kutafuta dalili za saratani mapema.

Ukiharisha damu mara 6 au zaidi kwa siku, huku una homa au moyo unakwenda mbio, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.