Kwa nini Subaru inasifiwa na kulaaniwa kwa sababu ileile

Wakalishe wamiliki wawili wa Subaru meza moja. Mmoja atakuapia kwamba hajawahi kuendesha gari linaloshika barabara namna ile, hasa kwenye kona zenye tope. Mwingine atakuambia gari lile lilimla pesa mpaka akaliuza kwa bei ya kutupa. Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi, kwa sababu gereji yetu hapa Arusha haifanyi sana kazi nyingine zaidi ya Subaru, na naona wote wanasema kweli. Wanachozungumzia ni kitu kimoja: injini iliyolazwa ubavu. Ukielewa ilitoka wapi, hutashangaa tena kwa nini gari hili lina wapenzi wakali na maadui wakali.

Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, mhandisi aliyetoka jeshi la majini la Japani, alianzisha kiwanda cha ndege huko Ota, mkoani Gunma. Kampuni yake ikaja kuwa mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa ndege za kivita nchini humo. Ndiyo iliyounda Hayabusa, na hata ndege za Zero, ambazo mchoro wake ulikuwa wa Mitsubishi, nyingi zilitoka kwenye viwanda vya Nakajima. Vita vilipokwisha mwaka 1945, ndege zikapigwa marufuku. Wahandisi waliobaki na mashine lakini bila kazi wakaunda skuta iliyoitwa Rabbit, na ya kwanza ilifungwa gurudumu la mkia la ndege ya mabomu. Kampuni ikavunjwa vipande 12. Mwaka 1953 vitano kati ya hivyo vikarudi pamoja kwa jina la Fuji Heavy Industries. Zile nyota sita kwenye shoo ya Subaru, yaani uso wa mbele wa gari, moja kubwa na tano ndogo, ni kilimia, na pia ni kampuni tano zilizozaa moja. Jina la kampuni lenyewe lilikuja kubadilishwa kuwa Subaru Corporation mwaka 2017 tu.

Gari lao la kwanza kupendwa lilikuwa Subaru 360 ya mwaka 1958, kigari kidogo chenye injini nyuma ya ujazo wa cc 356. Wajapani wa kipato cha kawaida walilipenda kweli. Lilipopelekwa Marekani miaka kumi baadaye, jarida la Consumer Reports liliandika wazi kwamba halikubaliki. Kwa hiyo hii habari ya gari moja kuwa na sifa mbili haikuanzia kwetu.

Mwaka 1966 ndipo jambo la maana lilipotokea. Kikosi cha Shinroku Momose, yuleyule aliyeongoza kazi ya 360, kilitoa Subaru 1000. Walitaka gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, lenye nafasi ndani, na uzito ukae chini. Wakailaza injini: pistoni mbili kulia, mbili kushoto, zinakwenda nje na kurudi kwa wakati mmoja kama ngumi za mabondia, ndiyo maana injini ya aina hii inaitwa boksa. Injini hiyo ni fupi, kwa hiyo giaboksi inakaa nyuma yake kwa mstari ulionyooka, na ekseli za kulia na kushoto zinakuwa na urefu sawa.

Sasa angalia bahati iliyokuwamo. Giaboksi ikishakaa katikati ya gari kwa mstari ulionyooka, unahitaji nini ili magurudumu ya nyuma nayo yavute? Unaongeza propela tu kuelekea nyuma. Wazo lilitoka kaskazini mwa Japani, ambako kampuni ya umeme ya Tohoku ilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake milimani wakati wa theluji bila kuwatesa kama gari la Jeep. Gari la majaribio lilifungwa difu ya nyuma ya Nissan Bluebird. Septemba 1972 ikatoka Leone ya fowili, yaani inayovutwa na magurudumu yote manne, gari la kawaida la familia lililoweza kupita pale ambapo awali palihitaji gari la shamba. Tangu hapo Subaru karibu hawajabadilisha mpango huo. Wenzao wamekwenda huku na kule, wao wameng'ang'ana na injini ya kulala.

Kwetu Afrika Mashariki jina lilikuja na vumbi la Safari Rally. Leone zilikuwapo Kenya tangu mwaka 1980. Mwaka 1993 Subaru walifanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia vijana wa gereji wanacheka: walileta Vivio, kigari cha injini isiyozidi cc 660, kwenye mashindano yaliyokuwa yakivunja magari makubwa. Colin McRae aliondoka kwa kasi na Vivio yake ikafia njiani. Patrick Njiru, Mkenya, akaifikisha yake mwisho katika nafasi ya 12. Mwaka uliofuata Njiru akamaliza wa nne kwa Impreza. Kisha McRae akashinda Safari mwaka 1997, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda huku Juha Kankkunen akifuata wa pili, wote kwenye Impreza za bluu zilizoandaliwa na Prodrive ya Uingereza. Ubingwa wa dunia wa madereva kwa Subaru ulikwenda kwa McRae mwaka 1995, Burns 2001 na Petter Solberg 2003. Mwishoni mwa 2008 kampuni ikajitoa kwenye rali za dunia. Kijana aliyezaliwa mwaka huo leo anatafuta leseni, na bado anaota Impreza ya bluu yenye rimu za dhahabu.

Hapo ndipo sifa za wenye magari zinapoachana kabisa. Marekani, Subaru ni gari la mwalimu, muuguzi, mtu mwenye mbwa na watoto anayeishi kwenye theluji, Vermont au Colorado. Ni gari la watu watulivu. Nairobi na Dar ni kinyume: ukisema Subaru, watu wanawaza kijana, mngurumo, mbio za usiku, na mama anayemwonya binti yake. Gari ni Forester ileile. Mngurumo wenyewe hauna uchawi. Kwenye injini nyingi za tabo za zamani, mabomba ya ekzosi kutoka pande mbili yana urefu usiolingana, moshi unafika kwa zamu mbaya, basi inatoka ile sauti ya kugugumia. Legacy za tabo za Japani za kuanzia 2003 zilisawazishiwa mabomba, na sauti ikaisha. Kuna wateja wanaolipa ili warudishiwe. Mimi siwaelewi, ila pesa yao naipokea.

Turudi kwenye lawama. Kubwa ni gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Kwenye injini iliyosimama, hedi iko juu, na gari likizimwa oili hushuka zake kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Kwenye boksa hedi zinaning'inia pembeni, kwa hiyo oili na maji ya rejeta hubaki yamegusa ukingo wa chini wa gasketi usiku kucha. Ongeza na hili: injini ya EJ iliyoanza na Legacy ya 1989 ilikuwa na silinda za upana wa milimita 92 kwa lita 2.0. Walipotaka lita 2.5 walizitanua hadi milimita 99.5 ndani ya bloku ileile, na chuma kilichobaki kati ya silinda kikapungua. Ndiyo sababu wenye 2.5 wa Marekani wamelia sana kuhusu gasketi, na sisi tunaoagiza Forester na Impreza za 2.0 kutoka minada ya Japani tumelia kidogo kuliko wao. Mtu akiniuliza achukue ipi kati ya EJ ya 2.0 na ya 2.5, huwa sina haja ya kufikiri.

Lakini gasketi nyingi ninazozibadilisha hazikufa zenyewe. Ziliuawa. Gari likichemsha mara moja, mtu anakimbilia kutoa thamostati, kwa sababu ndivyo alivyozoea kwenye magari mengine. Kwenye EJ thamostati imekaa chini, upande ambao maji yanaingia kwenye injini, na kazi yake ni kuchanganya maji ya moto na ya baridi ili injini isipate mshtuko. Ukiitoa, injini inakaa baridi kupita kiasi, inakula mafuta, na bado inaweza kuchemsha foleni. Jambo la pili ni hewa. Injini iliyolala huhifadhi hewa kwenye njia za maji, kwa hiyo ukijaza rejeta haraka na kufunga mfuniko, utaondoka na povu ndani. Jaza polepole, fungua skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta, acha injini ipate moto, ongeza tena. Na yawe maji maalumu ya rejeta, siyo ya bombani.

Mkanda wa taimingi wa EJ hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, pamoja na puli zake na pampu ya maji. Wengi hubadilisha mkanda peke yake ili kubana matumizi. Puli moja iliyochoka ikikamata, mkanda unakatika, valvu zinagonga pistoni, na hesabu yake ni kununua injini. Kuanzia mwaka 2010 injini za FB zilileta cheni badala ya mkanda, na Forester ndiyo iliyotangulia kuzipata. Tatizo moja likaondoka, likaja lingine: baadhi ya FB za mwanzo hunywa oili. Wamiliki wa Marekani waliishtaki kampuni kwa pamoja, na shauri likaishia kwenye makubaliano mwaka 2016. Mwenye FB apime oili kila anapojaza mafuta. Asingoje taa.

Kwenye zenye tabo, angalia kitu ambacho fundi wengi hawakijui: baadhi ya injini hizo zina kichujio kidogo mno ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Oili ikichelewa kubadilishwa, uchafu unakiziba na tabo inakufa kwa kiu. Mteja anauziwa tabo nyingine, inafungwa kwenye bolti ileile, nayo inakufa.

Na matairi. Fowili ya Subaru inafanya kazi wakati wote, haisubiri ubonyeze kitu. Ukinunua matairi mawili mapya mbele na kuacha vipara nyuma, vipenyo vinatofautiana, na giaboksi inahangaika kusawazisha tofauti hiyo kila mita unayokwenda mpaka klachi za kati zinaungua. Badilisha yote manne, saizi moja, aina moja. Ukienda kununua Subaru iliyotumika, nenda nayo uwanja wazi, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole. Ikirukaruka au kushikashika, mfumo huo umeshaumia, na bei ishuke sana au uondoke.

Kuhusu mafuta, wateja wetu wengi wenye 2.0 isiyo na tabo husema kilomita nane au tisa kwa lita mjini, kumi na moja au kumi na mbili safari ndefu. Si haba kwa gari linalovuta kwa magurudumu manne, ila anayetoka kwenye kigari cha cc 1300 ataona ameibiwa. Plagi ziko ubavuni, zimebanwa na chesisi, na fundi mvivu atakuambia bado nzima. Gari likianza misi, yaani injini kukohoa, anza na hizo kabla ya kununua koili.

Za karibuni, kuanzia Legacy ya 2009 na Forester za mwisho wa 2012, zimekuja na giaboksi ya CVT ya cheni, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Watu wanaiogopa. Niliyoifungua ikiwa imekufa kabisa ilikuwa na oili nyeusi kama lami, iliyouzwa kwa mwenyewe kama "ya maisha yote". Tunaimwaga kila kilomita 50,000, tunaweka oili yake maalumu ya CVT, na zinaendelea kupanda Ngaramtoni na mizigo yake kama kawaida.