"Sauti ya juu" inawachanganya watoto, wazazi tuelewane

Juzi tena mama mmoja hapa Ujiji kamleta mwanae wa miaka minne, ananilalamikia getini, "Mwalimu huyu hajui kitu, nimemwambia atoe sauti ya juu kanitolea kasauti kembamba kama ka paka." Sa hapo kosa la nani jamani? Sisi wenyewe "sauti ya juu" tunaitumia kwa kelele na kwa wembamba, afu mtoto akichagua kimoja tunamwona mzito.

Ukubwa wa sauti unatokana na nguvu ya mtetemo, wembamba unatokana na mitetemo ni mingapi kwa sekunde, na hivyo viwili havifuatani hata kidogo. Mbu ana sauti nyembamba kabisa ila ndogo, akisogea mbali na sikio humsikii tena, wakati honi ya meli pale bandarini Kigoma ni nene, unaisikia mpaka tumboni, na mitaa mingi inajua meli inaondoka. Ndo maana darasani kwangu neno "juu" nimelipiga marufuku, tunasema kubwa na ndogo, nene na nyembamba, basi.

Na kufundisha sauti kubwa kwa ngoma afu ndogo kwa kengele, hiyo naikuta kila mwaka inanichosha, mtoto anajifunza ngoma na kengele tu. Chukua ngoma ile ile moja, huna basi kaza nailoni kwenye mdomo wa ndoo, weka punje za mchele juu, apige kwa nguvu aone zinavyoruka, apige kidogo aone zinavyotikisika tu. Ila usimwambie "piga polepole" maana atapunguza mwendo badala ya nguvu, hilo nalo neno la mtego.

Eti mdogo hawezi kutofautisha? Kichanga anashtuka mlango ukibamizwa, kinachokosekana ni maneno.

Eti akishtuka ukigonga sufuria basi masikio mazima? Hapana, hata mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio anaweza kushtuka. Mnong'oneze jina ukiwa nyuma yake, asipogeuka mara kwa mara nendeni hospitali, na mafuta ya moto sikioni acheni kabisa.

Halafu wale wa kumkalisha mtoto mbele ya spika harusini eti azoee, sikio halizoei, vinyweleo vya ndani vikifa havioti tena, mpelekeni akakae na bibi kule nyuma.