Zambarau ya slaidi si rangi ya ubongo

Mwanafunzi wa udaktari pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, akitazama slaidi (kipande chembamba cha tishu juu ya kioo) kwa hadubini mara ya kwanza, huona ubongo wa waridi na zambarau, akadhani ndivyo ulivyo. Nenda soko la nyama la Burma, Nairobi, asubuhi, mwombe muuza nyama akupasulie kichwa cha mbuzi. Ubongo mbichi ni laini mno, una rangi ya maziwa yenye uwaridi kidogo, na vijishipa vyekundu vimetambaa juu. Ile zambarau ni hematoksilini, rangi ya kupakia tishu inayotokana na mti wa Amerika ya Kati na kushika viini vya seli. Waridi ni eosini, rangi nyingine ya kupakia.

Dhana inayoniudhi zaidi ni hii: ati rangi bora hupaka kila seli. Mwaka 1873 Mwitaliano Camillo Golgi alilowesha tishu katika dikromati ya potasiamu, kisha nitrati ya fedha. Seli chache tu, asilimia chache kati ya zote, ziligeuka nyeusi, kila moja ikionekana nzima hadi ncha za matawi yake. Zingepakwa zote, kipande kingekuwa cheusi tii, usione kitu. Golgi mwenyewe aliamini seli za neva zimeungana kama wavu mmoja. Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania, kwa mbinu ileile, alisema kila seli inajitegemea. Waligawana Nobel mwaka 1906, na Golgi akatumia hotuba yake kumpinga mwenzake! Miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionyesha ufa kati ya seli na seli, na Cajal akawa ndiye aliyesema kweli.

Wengine wakiona uwazi mweupe kuzunguka akzoni, ule mkia mrefu wa seli ya neva, husema ni ugonjwa. Mara nyingi ni mafuta ya mayelini, ala inayofunika akzoni, yaliyoyeyushwa na alkoholi na zailini wakati wa kuandaa kipande. Ukitaka kuyaona, tumia kemikali ya osmiamu, itayashika na kuyafanya meusi.

Na ile hesabu kwamba glia, seli saidizi za ubongo, ni mara kumi ya nyuroni, yaani seli za neva? Hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 ilipata nyuroni bilioni 86 hivi, na seli nyingine karibu idadi hiyohiyo.

Nyuroni nyeusi zilizosinyaa nazo si lazima ziwe zimekufa mgonjwa akiwa hai. Tishu ikibonyezwa kabla fomalini, dawa ya kuihifadhi, haijaikaza, huonekana vivyo hivyo. Kabla hujaandika ripoti, muulize fundi wa maabara tishu hiyo ilishikwa vipi.